Nahodha asiyeshika kamba

Lamu, Mkomani

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Kusi imeanza kuvuma na bahari imechafuka. Mama anakusalimu, anasema bado anakudai ziara.

Lile swali lako la dakani halijanitoka. Uliniuliza, ikiwa seli zetu zina jeni zile zile, mbona ni chache tu zinazowaonyesha askari wa kinga vipande vya bakteria ambao seli hizo zimewameza? Nikakujibu kwamba seli ya msuli haina jeni ya kazi hiyo. Nilikosea, na nataka usahihishe kabla hujawafundisha watoto.

Jeni hiyo inayo, kwenye kromosomu ya 6, ila imelala. Vipande hutandazwa nje ya seli juu ya protini iitwayo MHC daraja la pili, na anayeamsha jeni zake ni protini nyingine, CIITA, iliyotambuliwa Geneva mwaka 1993. Nayo, somo, haiishiki DNA yenyewe! Protini nyingine, zikiwemo za kundi la RFX, ndizo zilizoishika. CIITA huja ikawakalia hao, kazi ikaanza. Fikiria jahazi: mabaharia wameshika henza, tanga ni jipya, lakini nahodha asiponena halitwekwi.

Kuna watoto huzaliwa nahodha huyo ameharibika, au mmoja wa wale mabaharia watatu wa RFX. Jeni za MHC zenyewe nzima kabisa, hazina kasoro hata moja, na bado seli hazionyeshi kitu. Mtoto huanza kuugua tangu uchanga, mapafu, kuhara, tena na tena. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini.

Seli za dendritiki, moja ya zile chache zinazowaonyesha askari vipande, ndizo zilizonishangaza zaidi. Seli hiyo ikishameza adui na kukomaa, huizima jeni ya CIITA. Nilidhani nimesoma vibaya. Kumbe MHC zilizokwisha kufika nje hudumu siku nyingi, basi seli husafiri hadi kwenye tezi, waliko askari wa kinga, ikiwa imebeba habari za pale ilipomkamata adui, haizichanganyi na za njiani.

Na hata seli nyingine, zikipata ishara ya interferoni gama wakati wa maambukizi, huweza kuiamsha CIITA kwa swichi tofauti. Hiyo ina mambo mengi. Njoo Maulidi, nikuchoree.

Wako,
Somo