Wito wa Harambee kwa Matibabu ya Kijana Wetu wa Bodaboda

Assalaam alaykum. Kamati ya msikiti wetu hapa Arua inawaomba waumini, majirani na madereva wenzake wa steji wamchangie kijana wetu anayesumbuliwa na matundu ya usaha katika mfereji wa makalio, karibu na kifandugu. Yeye mwenyewe ameturuhusu kuutaja ugonjwa, kwa kuwa mahali ulipo pamezua maneno. Hauambukizi, wala si wa zinaa: nywele zilizokatika husukumwa na msuguano wa kukaa, zikapenya ngozi na kuchimba vijia ndani ya nyama. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wa Marekani wapatao 80,000 walitibiwa maradhi hayo, yakaitwa ugonjwa wa jipi, yaani yale magari madogo ya kijeshi (Jeep) waliyopanda. Si ajabu basi yakimpata mtu anayeshinda juu ya pikipiki.

Jipu limepasuliwa mara kadhaa, likapoa, likarudi, na sasa vijia vimetawanyika. Wanaoswali naye safu ya nyuma wamemwona akikaa tahiyatu kwa kuegemea upande mmoja.

Daktari ameshauri sehemu yote yenye ugonjwa iondolewe, kisha pengo lizibwe kwa kipande cha ngozi na mafuta kinachozungushwa kutoka kwenye kalio kikiwa bado kimeshikamana na mishipa yake ya damu, njia inayojulikana kwa jina la Limberg. Kushona katikati kungekuwa rahisi zaidi, lakini mshono wa hapo hukaa kwenye jasho, huchelewa kupona, na ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi.

Makadirio ya hospitali yamebandikwa kwenye ubao wa msikiti. Tunaomba michango ivuke kiasi hicho, maana baada ya upasuaji hataruhusiwa kukalia kidonda kwa wiki kadhaa, na pikipiki yake ni ya mkopo unaorejeshwa kila wiki. Akirudi barabarani mapema kwa hofu ya kunyang'anywa, nyuzi zitafumuka na fedha zenu zitakuwa zimepotea bure. Kamati itamlipa mkopeshaji moja kwa moja. Wapo waliosema tunamdhalilisha kijana, lakini ni yeye aliyependekeza hivyo.

Harambee itafanyika baada ya swala ya Ijumaa. Asiyeweza kufika amkabidhi mweka hazina mchango wake na kuchukua risiti, na asiye na fedha anaweza kujiandikisha kumpeleka kubadilishiwa bandeji, kwa gari tafadhali, akiwa amelala kiubavu.