Mzinga wa Barbados haukuwa wa Saddam

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini makala ya Jumapili kuhusu "mzinga wa Saddam", iliyoufanya mzinga wa utafiti wa Barbados kuwa silaha ya Saddam Hussein, aliyekuwa mtawala wa Iraki, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu ameanzia Brussels, Machi 1990, mhandisi Gerald Bull alipopigwa risasi mlangoni kwake, kisha akarukia Iraki. Chuo kikuu hakukitaja kabisa.

Kazi ile ya kurusha vyombo vya kupimia anga ya juu kwa mzinga ilianza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, Bull akiwa profesa pale na mkuu wa kitivo cha uhandisi, Donald Mordell, akimuunga mkono. Walichukua mzinga wenye tundu la inchi 16 wa manowari za Marekani, wakaukereza mtutu ndani hadi ukawa laini, wakausimika kwenye kisiwa cha Barbados, Karibiani, ukielekea Atlantiki. Januari 1963 wakafyatua. Makombora waliyaita Martlet, jina la ndege aliye kwenye nembo ya McGill. Kombora lenyewe lilikuwa jembamba, likivishwa vipande vya mbao ili lijae mtutuni. Likishatoka mdomoni, mbao zinapukutika, lenyewe linapaa. Ndani mlikuwa na vyombo vya kupimia, vimezamishwa kwenye gundi iliyoganda ili visisambaratike kwa mshindo wa baruti. Mengine yalimwaga kemikali huko juu usiku, ikang'aa angani, wakaipiga picha na kujua upepo unavumaje mahali ambapo puto halifiki. Novemba 1966, huko Yuma, Arizona, mzinga wa mradi huohuo ulirusha kombora hadi kimo cha kilomita 180. Fedha zilitoka jeshi la Marekani na serikali ya Kanada, hilo halifichiki, na mwaka 1967 zilipokatwa mradi ukafa. Aliyomtengenezea Saddam baadaye ni ya Bull mwenyewe. Msiwabebeshe wanafunzi wa McGill.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona hofu hii inavyoua akili za watoto. Nilipokuwa bado kazini, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walitengeneza bomba la plastiki la kurushia kizibo kwa pampu ya baiskeli, nyaya mbili zimetegwa mbele yake ili wapime mwendo. Tukalipeleka kwenye maonyesho ya sayansi. Ofisa mmoja akapita, akaona bomba limeelekezwa, akasema hapa hatutaki silaha, toeni. Hakuuliza linapima nini! Binti aliyelibuni alikuwa amekesha akichora jedwali la vipimo kwa rula. Alilikunja bila neno, na mwaka uliofuata akachagua mchepuo mwingine. Nilimwandikia ofisa yule barua, sikujibiwa mpaka leo. Gazeti kubwa likiandika kwamba kila mtutu ni wa muuaji, maofisa wa namna ile wanapata ushahidi.

Na maabara zetu je? Nyingi zina kufuli, funguo anazo mtu aliyesafiri, vyombo vya kioo bado vimo kwenye makasha yaliyokuja navyo. Watoto wanakariri jaribio la pendulumu ubaoni.

Naomba mchapishe ukurasa mzima kuhusu kituo cha Barbados, na mchoro wa kombora likivuka mdomo wa mtutu, mbao zikiachana. Waandaaji wa maonyesho nao wafunge kamba ya katani hatua kumi kutoka kwenye bomba, wamvalishe mrushaji miwani ya kukinga macho, mwalimu asimame kando, watoto warushe.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Muheza, Tanga