Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara na Maendeleo ya Viwanda Zanzibar: vyumba viko Jambiani, mahakama iko Amsterdam

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kuhusu mikataba ya mitandao inayouza vyumba vyetu vya wageni, ila naanza na habari ya Google.

Septemba 2025 Umoja wa Ulaya uliipiga Google faini ya yuro bilioni 2.95 kwa mambo ya matangazo ya mtandaoni. Rais Trump akajibu kwa vitisho vya ushuru. Tangu hapo barazani kwetu husemwa kuwa Ulaya inawaonea Wamarekani kwa wivu, inalinda soko lake, na vita vya mafahali hao sisi havituhusu. Nahofia maneno hayo yakifika ofisini kwako yatageuka sababu ya kukaa kimya.

Wivu pengine upo. Lakini aliyeishitaki Google mwaka 2020 kwa kuhodhi soko la utafutaji ni serikali ya Marekani yenyewe, Trump huyohuyo akiwa madarakani, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington akaamua kuwa kampuni hiyo imevunja sheria. Naye mwenye kulinda soko la Ulaya, mbona Julai 2024 Hispania iliitoza Booking.com, mtandao wa kubuku vyumba vya hoteli, faini ya yuro milioni 413? Kampuni mama ni ya Marekani, kweli, lakini Booking.com yenyewe makao yake ni Amsterdam, ndani ya Umoja huohuo.

Kesi hiyo ya Hispania, ambayo kampuni ilisema itaikatia rufaa, naomba wataalamu wako waisome kifungu kwa kifungu. Hoteli zilikatazwa kuuza chumba kwa bei ya chini kwenye tovuti zao wenyewe, huku mtandao ukijipa haki ya kuishusha bei ya hoteli upande wake bila kumuuliza mwenye hoteli. Mkataba wenye nguvu ni wa Kiingereza tu. Mkigombana, sheria ni ya Uholanzi na mahakama ni za Amsterdam. Ikiwa mwenye hoteli wa Madrid alilalamika kuwa ni mbali, mama mwenye vyumba vinne Bwejuu aseme nini?

Mimi sipingi kamisheni. Zamani mgeni aliletwa na papasi, yule dalali wa watalii, naye papasi alikuwa na chake. Mgeni wa leo hubuku akiwa kwao Poland, na bila mitandao asingejua kama nipo. Asilimia 15 au zaidi nakatwa, nanyamaza. Kinachoniuma ni masika, vyumba vitupu, nami nimefungwa na mkataba wa mtandao mmoja nisitangaze bei nafuu kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Chumba changu, kitanda changu, umeme nalipa mimi!

Wenzetu walihoji. Afrika Kusini, tume yao ya ushindani iliagiza Julai 2023 kifungu cha namna hiyo kiondolewe. Ulaya, Booking.com ilikiondoa tarehe 1 Julai 2024, kwa nchi za huko.

Ombi langu si faini. Serikali ikizoea faini kama chanzo cha mapato, hapo ndipo tutakapostahili kuitwa wenye kuwaonea wageni. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara iitishe mikataba ya mitandao yote inayouza vyumba vya Unguja na Pemba, iwe ya kigeni au ya hapahapa, isome vifungu vya bei na vya mahakama, kisha ituambie kwa Kiswahili imeona nini.

Najua mtaulizwa mbona Serikali nayo imemfunga mkulima wa karafuu. Mimi mzaliwa wa Wete, sitajifanya sijui: mkulima wetu hana ruhusa ya kumuuzia mtu isipokuwa Shirika la Biashara la Taifa, na gunia likivuka kwenda Mombasa ni magendo. Serikali husema ndivyo mkulima anavyokingwa bei ya dunia inapoyumba, na si uongo mtupu. Ila wenye mitandao nao watasema wanamkinga mgeni. Basi jibu la karafuu liandaliwe mapema, tena kwa namba, wala lisiwe sababu ya kuliacha hili la vyumba.

Wageni wengi huanza kumiminika Juni. Mikataba ikisomwa kabla ya hapo, tutajua msimu huu tupange bei gani.

Wako mtiifu,
Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja