Jina liko nyuma

Rukia shoga yangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila mjomba anakohoa na sigara hajaacha, na paka wako (sasa ni wangu) amezaa tena, safari hii ndani ya kikapu cha brashi. Najua sijakuandikia tangu mfungo sita. Utanigombeza ukishamaliza kusoma. Kwa sasa nina shida, na wa kunitoa ni wewe.

Ile picha ya nyanya, ile ya kibarazani siku ya harusi ya Ma Zena, uliyonitumia kwa simu ukasema nitazame alivyokuwa mrembo. Nimeichora. Kwa akriliki, kwenye kanvasi inayonipita urefu. Kumpaka paji la uso nilipanda juu ya kreti ya soda. Uso umekubali. Wallahi Rukia, usiku ule jicho la kushoto lilipokaa sawa niliteremka nikatoka nje, maana alinitazama vile vile alivyokuwa akinitazama nikichovya kidole kwenye tui.

Mikono nayo imekubali. Piko lile nimelifuata ua kwa ua kwa brashi ya nywele tatu, siku tatu mkono mmoja. Kilichonishinda ni leso.

Picha haina rangi, hilo si neno, rangi nimempa mwenyewe: damu ya mzee, pindo jeusi. Korosho za kwenye mji, pale katikati ya leso, zinaonekana, nimezihesabu. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, ndilo silioni. Na nitalionaje? Jina la leso hukaa nyuma. Ukijifunga vizuri linateremka chini ya kiuno, alisome yule uliyempa mgongo. Mpiga picha kamsimamisha uso kwa uso na kamera kama mtu wa pasipoti, basi yote aliyokwenda nayo harusini kusema, na aliyekwenda kumwambia (unamjua), yamebaki yakitazama ukuta.

Nikasema nitaipinda leso kidogo ubavuni, niweke jina lolote. Nikaandika "Japo sipati tamaa sikati". Nikatazama, nikafuta. Nyanya na tamaa! Nikaweka "Wema hauozi", nikafuta pia, hiyo ni leso ya kumnunulia mama mkwe. Sasa pale ubavuni pana doa la rangi iliyokwanguliwa, na kila nikipita naliona doa tu, nyanya simuoni.

Juzi akaja bwana mmoja anayetafuta kazi za maonyesho huko Nairobi. Akazunguka, akashika kidevu. Akasema imependeza lakini haina Uswahili wa kutosha, je, siwezi kumwekea mlango wa kuchonga nyuma, na jahazi kwa mbali? Jahazi, Rukia. Huku mtaani Majengo. Labda lipite kwenye mtaro. Kisha akaniuliza mimi mtu wa wapi, nikasema Likoni, akasema hapana, asili. Nikamwambia baba Mdigo, mama Mkamba wa Kitui. Akatikisa kichwa taratibu, nikaona kabisa ananitoa ndani ya picha yangu mwenyewe.

Nilikaa kimya mbele yake, jibu likaja usiku. Kama kawaida yangu. Nilitaka kumwambia mamangu hakuwa na somo wa kunifunda, kwao mambo hayo yana njia nyingine, na ni nyanya yako aliyeniingiza ndani pamoja nawe bila kuulizwa na mtu. Aliyotufunza sitayaandika hapa, na wewe ulikuwa ukicheka ndani ya mto. Lakini leso yangu ya kwanza alinifunga yeye. Alinigeuza, akanitazama nyuma kwanza, akavuta jina likae katikati. Mbele hakujali.

Ndiyo maana nimekuwa nikimsoma sana yule mchoraji Lubaina Himid. Kazaliwa Unguja mwaka 1954, babake akafa kwa malaria yeye bado kitoto cha miezi, mamake akarudi naye Uingereza. Mama alikuwa mbuni wa vitambaa. Mtoto akakulia huko, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Huchora leso. Leso hasa, na pindo lake na mji wake, na pale pa jina huweka maneno ya Kiingereza. Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema huyu anajua nini cha leso, katolewa huku hata hajaota meno. Kisha nikajisikia ninavyosema. Nikamsikia yule bwana wa jahazi mdomoni mwangu.

Yeye lakini maneno anayo yake. Mimi nataka kumsemesha mtu aliyekuwa na ya kwake.

Kwa hivyo nimeamua nitamgeuza. Kanvasi nyingine, nyanya kwa nyuma, kibaraza kile kile, kichwa kimeinama kidogo kama anayesikia wanaosoma. Huyu wa mbele nitamweka, wakae wawili. Nimeshapiga mistari ya penseli. Pindo tayari. Pale pa jina pako peupe.

Sasa niambie. Lile sanduku lilikwenda nawe Maskati au lilibaki kwa mamako? Doti ile imo? Ukiifungua, angalia ile yenye korosho, usichanganye na ya maua. Jina limeandikwa kwa herufi zetu au za Kiarabu? Piga picha hata kama maandishi yamefifia, nitayafuata. Na mamako atasemaje, maana mtandio umeteleza na nywele za mbele zinaonekana, nimezichora zilivyo, nizifunike? Ma Zena je, akilisoma jina mbele za watu atanuna mpaka lini? Na wewe, ulimaliza ile kesi ya nyumba? Watoto wanasema Kiswahili au wanakuitikia kwa Kiarabu tu?

Usiioshe ile leso kabla ya kuipiga picha. Nakujua.

Mwenzio,
Mwanasha