Mdogo wangu, mpe jasusi wako kazi ya kufanya

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesoma sura zote tatu ulizonitumia. Kalamu unayo, na sikwambii hivyo ili nikufurahishe. Lakini huyo mwanamke wako jasusi ananisumbua. Tangu aingie kwenye hadithi kazi yake ni kuvaa, kunukia na kuwalewesha wanaume mpaka watapike siri. Sijamwona hata mara moja akisoma faili. Nakujibu hadharani kwa sababu hili si lako peke yako. Mata Hari, mcheza densi aliyeshtakiwa kwa ujasusi, alipigwa risasi na Wafaransa Oktoba 1917, na hadi leo waandishi wanawavisha gauni lake wanawake wote waliofanya kazi hii baada yake, ilhali wanahistoria wengi wanatilia shaka kama aliwahi kutoa siri yoyote ya maana.

Kabla hujaandika sura ya nne, soma tawasifu walizoandika wanawake wenyewe. Anza na ile ya Sandra Grimes na Jeanne Vertefeuille wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliyotoka mwaka 2012. Kuanzia mwaka 1985 Warusi waliokuwa wakiwasaidia Wamarekani kwa siri walianza kukamatwa mmoja baada ya mwingine, na kadhaa wakauawa. Vertefeuille akapewa kikundi kidogo cha kutafuta chanzo. Grimes alipojiunga nao baadaye, alikaa mezani akaanza kupanga tarehe: siku gani nani alikuwa wapi, alikutana na nani. Mmoja wa waliotazamwa alikuwa Aldrich Ames, mfanyakazi mwenzao, mtu ambaye Grimes alikuwa akipanda naye gari moja kwenda kazini. Ames aliruhusiwa kuonana na ofisa mmoja wa ubalozi wa Kisovieti, na mikutano hiyo ilikuwa imeandikwa. Zilipopatikana taarifa za benki, Grimes akaziweka sambamba na tarehe zake. Tarehe 17 Mei 1985, chakula cha mchana na yule ofisa. Tarehe 18, dola 9,000 zinaingia kwenye akaunti. Julai, chakula kingine, na siku chache baadaye pesa nyingine.

Hebu fikiria pale mezani. Hakuna bastola wala kitanda, ila mwanamke mwenye karatasi mbili mbele yake, na moyo unamwenda mbio kwa sababu jina lililo pale ni la mtu anayemfahamu. Mimi nywele zilinisimama. Ames alikamatwa Februari 1994 kwa kuwauzia Warusi siri, na baadaye ikajulikana kwamba Warusi walipotaka mtu wa kusingiziwa, yeye alimtaja Vertefeuille. Ukitaka mkasa wa kumkosesha msomaji usingizi, ndio huo.

Halafu kuna vita vya ndani ya ofisi, ambavyo kwenye sura zako sijaviona kabisa. Stella Rimington alipoingia MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, miaka ya 1960, maofisa walikuwa wanaume na wanawake walikuwa wasaidizi wao, hata wenye digrii. Mwaka 1992 akawa mkurugenzi mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Alipoandika tawasifu yake, wakubwa serikalini hawakupendezwa. Baadaye akageukia riwaya, na ofisa wake wa kubuni, Liz Carlyle, kazi anaifanya kwelikweli.

Ila usizichukue tawasifu kama msahafu. Aliyeapa kutunza siri haandiki atakavyo. Mwajiri wake wa zamani hupitia mswada kwanza. Kitabu cha Valerie Plame wa CIA, cha mwaka 2007, kilichapishwa na mistari iliyofutwa kwa wino mweusi, ukurasa kwa ukurasa. Na wengine hawakuandika kabisa. Virginia Hall, Mmarekani mwenye mguu wa bandia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijenga mtandao wa siri mjini Lyon, Ufaransa, akavuka milima ya Pyrenees kwa miguu wakati wa baridi kukwepa kukamatwa na Wajerumani, kisha mwaka 1944 akarudi Ufaransa amejigeuza bibi kizee wa shamba. Vita vilipokwisha aliendelea na kazi yake, na habari zake hakupenda kuzisimulia.

Tena tawasifu huandikwa na aliyenusurika. Noor Inayat Khan hakunusurika. Alikuwa mwandishi wa hadithi za watoto, mpole kiasi kwamba baadhi ya wakufunzi wake walisema hafai. Juni 1943 Waingereza walimpeleka Paris kuendesha redio ya siri. Muda si muda wenzake wakaanza kukamatwa, akabaki peke yake na ile redio ndani ya sanduku, akihama nyumba hadi nyumba, akitandaza waya wa antena, akituma ujumbe harakaharaka kabla magari ya Wajerumani ya kunasa mawimbi hayajamfikia. Aliambiwa arudi, akakataa, kwa sababu angeondoka Paris ingebaki bila mawasiliano. Alikuwa pia na kosa kubwa: alitunza nakala za jumbe zake kwenye daftari. Alipokamatwa Oktoba, Wajerumani walilipata daftari hilo na kulitumia kuidanganya London kwa jina lake. Waliomhoji walisema hakuwaambia kitu. Alijaribu kutoroka, akafungwa minyororo kwa miezi mingi, na Septemba 1944 akauawa kwenye kambi ya mateso ya Dachau akiwa na miaka 30.

Hapo ndipo riwaya ina kazi ya kufanya, mdogo wangu. Usiku aliokaa na lile daftari mkononi, akaamua asilichome, hakuna aliyebaki wa kuusimulia. Mwanamke wako mpe usiku kama huo. Mpe uoga, mpe uamuzi mbaya uliotoka kwenye nia njema, na mpe kazi anayoijua vizuri kuliko wanaume wote waliomo chumbani. Sura ya nne naisubiri.

Dada yako