Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Kilichokatwa Si Lazima Kiwe Kimeokolewa

Mheshimiwa Waziri,

Hatupingi kubana matumizi. Tunapinga kuyabana uchumi ukiwa umelala, kisha kila kilichokatwa kikaandikwa kuwa kimeokolewa.

Piga hesabu hii. Bila kukata chochote, mwaka ungeisha pato la taifa likiwa 100 na deni 100. Katika kila 100 ya pato, kodi ni 30. Sasa kata 3. Ikiwa kila 1 inayokatwa inapunguza pato kwa nusu tu, pato linabaki 98.5, kodi inapungua 0.45, deni linabaki 97.45 (100 toa 3, jumlisha kodi iliyopotea), yaani linashuka hadi asilimia 98.9 ya pato. Umefaulu. Ikiwa kila 1 inaondoka na 1.5, pato linabaki 95.5, kodi inapungua 1.35, na deni linapanda hadi asilimia 103. Umefunga mkanda, na deni limenenepa.

Mwaka 2012 wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa walionyesha kuwa watabiri walikuwa wakitumia kizidishi, yaani kiasi cha pato kinachoondoka kwa kila 1 inayokatwa, cha karibu 0.5, ilhali tangu mdororo wa 2008 huenda kilikuwa kati ya 0.9 na 1.7. Ugiriki ililipia kosa hilo: pato lilipungua kwa takriban robo, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ukapita asilimia 27.

Utatajiwa Kanada ya miaka ya 1990. Ni kweli ilikata ikakua. Lakini riba ilikuwa ikishuka, sarafu yake ilikuwa imepungua thamani, na jirani yake Marekani alikuwa akinunua. Ugiriki, ndani ya euro, haikuwa na sarafu ya kushusha.

Kisha kuna suala la kinachokatwa. Miradi ya maendeleo hutangulia, maana barabara haigomi. Mkandarasi aliyesimamishwa hudai fidia, kazi iliyoachwa nusu huharibika, na mradi ukirudi bei imepanda. Mbaya zaidi ni kuchelewesha malipo ya wazabuni: nakisi huonekana ndogo kwenye vitabu vya fedha taslimu, vinavyoandika kilicholipwa tu, kumbe serikali imekopa kwao bila mkataba. Zabuni ijayo watajifidia kwenye bei.

Kwa hiyo, pamoja na bajeti, tunaomba uchapishe kizidishi ulichotumia kwa kila fungu, orodha ya malimbikizo yote yaliyopita siku 90, na kiwango cha ukuaji ambacho kisipofikiwa, awamu ya pili ya makato itaahirishwa.