Resolution ilianza na makaa, si mizinga

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu James Cook, nahodha Mwingereza wa karne ya 18, niliisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, ila inaitaja meli yake, Resolution, kuwa manowari, basi, kama vile ilizaliwa na mizinga. Mimi ni baharia mstaafu wa meli za mizigo, na hilo siwezi kuliacha lipite.

Resolution ilikuwa meli ya makaa ya mawe. Iliundwa Whitby, kaskazini mwa Uingereza, katika kiwanda cha Fishburn, ikashushwa majini mwaka 1770 kwa jina la Marquis of Granby. Jeshi la majini liliinunua mwaka uliofuata kwa pauni 4,151, likaiandikisha kuwa slupu, yaani manowari ndogo, na kuiita Drake. Kisha wakubwa wakaona jina hilo litawaudhi Wahispania, ambao Francis Drake, baharia Mwingereza wa zamani, aliwapora sana, wakalibadili kuwa Resolution.

Mbona wakachagua meli ya makaa? Cook alijifunzia ubaharia kwenye meli hizo hizo za Whitby, akajua anachotaka: tumbo pana la kubebea chakula cha miaka, chini bapa pasipohitaji kina kirefu, na chombo unachoweza kukipweleza mchangani mafundi wakakikalafati, yaani wakaziba nyufa za mbao zake. Manowari kubwa hazikumfaa, na hilo aliliandika waziwazi.

Lakini nusura waiharibu. Joseph Banks, tajiri na mtaalamu wa mimea, alitaka kusafiri na Cook, akiwa na kundi zima la watu wake, akadai iongezwe sitaha na vyumba juu. Mei 1772, ikiteremka mto Thames, ilikuwa nzito juu kiasi kwamba rubani aligoma kuendelea nayo. Charles Clerke, afisa wa meli hiyo, alimwandikia Banks kuwa hajapata kuona wala kusikia meli ya hatari kama hiyo. Yeyote aliyewahi kupanga shehena anaelewa: uzito ukizidi juu, chombo kikilala hakiinuki. Mafundi wa gati la Sheerness wakabomoa nyongeza zote. Banks alipoziona zimeng'olewa alipiga miguu gatini na kutukana, akajitoa safarini, mwaka huo akaenda Iceland.

Ikabaki kama ilivyoundwa, na hapo ndipo ilipofanya kazi. Tarehe 17 Januari 1773, pamoja na mwenzake Adventure, nayo ya makaa kutoka Whitby, ilivuka Duara la Antaktiki, mstari unaozunguka eneo la ncha ya kusini ya dunia. Hakuna chombo kinachojulikana kuwahi kufika huko kabla yao. Mwaka mmoja baadaye Resolution peke yake ilifika nyuzi 71 na dakika 10 kusini, ikazuiwa na barafu. Meli ya mbao, kwa matanga, katikati ya milima ya barafu! Ilirudi nyumbani Julai 1775 ikiwa nzima.

Safari iliyofuata, ya 1776, ndiyo iliyoniuma. Mafundi wa gati la Deptford waliikalafati ovyo, ikavuja tangu mwanzo, maji yakawaingilia watu vyumbani. Mwanzoni mwa 1779, karibu na Hawaii, dhoruba ikapasua mlingoti wa mbele. Cook alikuwa ameshaaga ghuba ya Kealakekua. Ilimbidi arudi kuutengeneza, na tarehe 14 Februari akauawa huko. Makala yenu iliyaeleza mauaji kwa kirefu, lakini mlingoti haikuutaja hata mara moja. Bila mlingoti ule msomaji hawezi kujua kwa nini walirudi mahali walipokwisha kuagana na wenyeji.

Meli ilifika Uingereza 1780, ikarudishwa kwenye kubeba mizigo, safari hii ya jeshi, na Wafaransa wakaiteka Juni 1782.

Mmeahidi sehemu ya pili Jumapili ijayo. Tafadhali wekeni humo jina la Whitby na la Fishburn, na mseme wazi kwamba meli iliyofika kwenye barafu iliundwa kwa ajili ya makaa.

Msomaji wenu,
Baharia mstaafu